Nyangumi wa Catoosa na swali la nani atapaka rangi mwaka wa tano

Wazo la kujenga nyangumi wa zege kwenye lile eneo la wazi la mtaa wetu hapa Moshi limewagawa watu pande mbili, wapo wanaouliza nyangumi na Kilimanjaro wapi na wapi, si bora tembo tu, na wapo ambao tayari wana mchoro mpaka wa mteremko wa watoto unaotokea ubavuni. Mimi nyangumi sina shida naye kabisa, tena watoto wengi wa huku bahari wanaiona kwenye kalenda, tembo wamezidi kila kona mpaka kwenye mabati ya maduka. Kinachonisumbua ni kwamba kila mkutano unaishia kwenye saruji, nondo na nani kachanga ngapi. Sasa kuna nyangumi mmoja wa aina hiyohiyo, maarufu sana, ana zaidi ya miaka hamsini, na ukikaa ukasoma maisha yake unagundua saruji ndo ilikuwa kipande chepesi kuliko vyote. Nimeona nikiandike kisa chake chote hapa, tukishakielewa ndo tubishane vizuri.

Yuko Catoosa, kamji kadogo jimbo la Oklahoma, Marekani, pembeni kidogo ya jiji la Tulsa, na bahari kwao iko mbali kuliko sisi na Tanga. Aliyemjenga anaitwa Hugh Davis, mzee aliyeongoza bustani ya wanyama ya Tulsa miaka mingi, na mkewe Zelta alikuwa na ugonjwa wa kukusanya sanamu ndogondogo za nyangumi. Mzee alipostaafu akaona ampe mama zawadi ya ndoa, nyangumi mzima, kwenye bwawa lao la nyumbani. Kaanza 1970, kamaliza 1972. Urefu kama mita 24, kimo kama mita 6, na nyangumi wa bluu wa kweli anaenda kwenye mita 30 hivi, kwa hiyo huyu karibu anafikia saizi yenyewe. Unaingia mdomoni unatembea tumboni, ubavuni kuna mteremko wa kukutupa majini, mkiani kuna sehemu ya kurukia, na kichwani wamemvalisha kofia ya besiboli, usiniulize kwa nini.

Ujenzi wenyewe ulikuwa wa kifundi mtaani kabisa. Mabomba ya chuma yakachomelewa yakawa mifupa, juu yake zege, mifuko 126, ikichanganywa ndoo moja moja ya karibu lita 20 na kusiribwa kwa mkono. Niliposoma hiyo nikacheka, maana ndo ndoo zetu hizihizi. Mifuko 126 siyo michache ila siyo ya kumfanya mtu akimbie mkutano, ukijenga nyumba ya kawaida mpaka kwenye lenta na tofali ukafyatua mwenyewe unaipita. Kwa hiyo wale wanaosema hatuwezi kwa sababu hatuna mfadhili, aisee tunaweza, mstaafu mmoja na wenzake wachache waliweza kwa miaka miwili bila haraka.

Sasa tuje kwenye sehemu inayotuhusu. Lile bwawa linalishwa na chemchemi na lilikuwa la familia, halikuwa mradi wala nini. Ila vijana wa pale wakawa wanakuja kuogelea bila kuitwa, si unajua maji yakiwa masafi na jua kali hakuna anayesoma kibao, huku kwetu chemchemi ya Chemka si ilikuwa hivyohivyo kabla watu hawajaanza kuja na mabasi. Familia ya Davis ingeweza kuweka uzio na mbwa. Wao wakaleta mchanga, wakaweka meza za kukaa, wakaajiri watu wa kuangalia waogeleaji wasizame, wakafungua kwa umma. Hapo ndipo zawadi ya mama ikageuka mali ya watu wote kimoyo, wakati kwenye karatasi hakuna kilichobadilika. Ardhi ya familia, bwawa la familia, gharama za familia, furaha ya wote. Shikilieni hapo maana matatizo yote yaliyokuja baadaye mizizi yake iko kwenye huo mpishano.

Kuna kitu watu wanakosea sana kuhusu huyu nyangumi, wanadhani alijengwa kuvuta wasafiri kwa sababu yuko pembeni ya Route 66, ile barabara ya zamani ya kutoka Chicago mpaka Santa Monica, karibu kilomita 3,900, iliyoanza 1926. Angalia miaka lakini. Barabara mpya ya kulipia kuelekea kaskazini mashariki mwa Tulsa ilifunguliwa 1957, magari ya safari ndefu yakahamia huko. Nyangumi kaja 1972, miaka kumi na tano barabara yake imeshapoteza wasafiri, na 1985 Route 66 ikafutwa rasmi kwenye orodha ya barabara kuu. Maana yake waliomfanya awe hai miaka ile ya mwanzo walikuwa watu wa jirani, familia za Tulsa na Catoosa, watoto wa shule, siyo watalii. Watalii wamekuja baadaye sana, pale Route 66 yenyewe ilipogeuka kumbukumbu na watu kutoka nchi za mbali wakaanza kuiendesha kwa makusudi wakipiga picha kila kitu cha ajabu njiani. Wale wenzetu wanaopiga hesabu ya wazungu wanaoshuka mlimani kwamba watakuja kwa nyangumi wetu siku ya pili yake, hiyo hesabu naiona ya kujidanganya. Mzungu katoka kilele cha Uhuru miguu imevimba anataka kuoga na bia, basi. Nyangumi akiishi ataishi kwa watoto wa Pasua, Majengo na Njoro.

Mwaka 1988 pakafungwa. Sababu haikuwa ajali wala kesi, ni uzee tu. Kumbe ile sehemu yote ilikuwa inabebwa na watu wawili, na watu wawili wakazeeka. Hugh akafariki 1990, Zelta akafariki 2001. Hapo katikati rangi ikabanduka, meza zikaoza, majani yakaota, bwawa likawa la kijani. Na zege la juu ya chuma lina tabia mbaya ambayo fundi wa kweli atakwambia kabla hujamlipa, maji yakipenya kwenye ufa mdogo chuma kinashika kutu, kutu inavimba, inapasua zege kutoka ndani, ufa unakuwa mkubwa, maji yanaingia zaidi. Rangi kwenye kitu kama hicho usiione kama urembo, ndo koti lake la mvua. Huku kwetu tuna masika na vuli, na katikati jua la kuchoma mabati, mimi rangi ya nje siipi zaidi ya miaka mitano kabla haijaanza kuachia. Ndo maana nauliza mwaka wa tano kila mkutano mpaka wamenichoka.

Watu wa Catoosa hawakuwa wameacha kumpenda. Ukimuuliza yeyote miaka ile ya tisini angekwambia kajifunza kuogelea pale, kapiga picha pale. Lakini kupenda hakukuleta brashi. Kila mtu alikuwa anapita anamuona anachakaa, anasikitika, anaendelea na safari, kwa sababu kihalali ni mali ya familia ya watu, utaingiaje na ngazi yako kupaka rangi kwenye kiwanja cha mtu. Na familia nayo ungeilaumu vipi, imewaogesha watoto wa mji mzima miaka na miaka, leo mama kazeeka ndo umdai rangi?

Kilichomrudisha kilikuja kwa mafungu. Wenyeji wakajikusanya, wakachanga, wakaja na mashine za kukata majani wakaanza kusafisha. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya hoteli ya Hampton, iliyokuwa na mpango wa kufufua vivutio vya barabarani Marekani, ikaja na watu wake na rangi, akarudi bluu. Mtoto wa wale wazee akawa ndo mwangalizi wa kila siku, anafungua geti, anaokota takataka, anaongea na wageni. Mpangilio huo ukaenda miaka mingi, ukweli uliokuwa wazi ukiwa kwamba kila kitu kinaning'inia kwa mtu mmoja tena. Baba na mama walibeba mpaka wakachoka, sasa kabeba mtoto.

2020 ndo fundo likafunguliwa, mji wa Catoosa ukanunua eneo. Kuanzia hapo nyangumi ana mwenye mali ambaye haugui mgongo wala hafariki. Ana fungu kwenye bajeti, ana watumishi, na kubwa kuliko yote anaweza kuandikiwa maombi ya ruzuku kwa jina la mji, maana wafadhili wengi wa majengo ya kumbukumbu wanataka kwanza waone nani anamiliki na nani atawajibika hela ikiisha. Mpaka leo kuingia ni bure, kuna kaduka ka zawadi na sehemu za kukaa na chakula chenu, wanapokea michango ya hiari. Na 2026 Route 66 inatimiza miaka mia, kwa hiyo mji ulinunua kitu wakati mzuri sana.

Hapa nakaa kidogo maana watu wanaruka haraka. Kwa nini kamji kadogo kanunue kivutio ambacho getini hakaingizi senti? Jibu liko kwenye mfumo wao wa kodi. Miji ya Oklahoma shughuli zake za kila siku inaziendesha kwa kiasi kikubwa kwa kodi ya mauzo, ile inayokatwa dukani ukilipa. Mgeni akisimama kwa nyangumi bure, akanunua mafuta, soda na baga, mji umeshapata chake. Nyangumi ni ndoano tu, hela iko kwenye petroli. Kwa hiyo anayefaidika na anayelipa rangi wamekuwa mtu mmoja, kitu ambacho toka 1972 hakijawahi kutokea.

Jaribuni kuhamisha hiyo hesabu hapa uone inavyogoma. Mtu akija na watoto kumuona nyangumi wetu akanunua juisi kwa Mangi, VAT kama ipo inaenda TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, haiji mtaani. Kodi ya jengo toka 2021 tunakatwa kwenye Luku, inaingia serikalini, wewe mwenyewe unaijua ukinunua umeme uniti zinavyopungua. Halmashauri inabaki na ushuru, leseni, ile ada ya huduma na vitu kama hivyo. Kwa hiyo ukimwendea mkurugenzi ukamwambia chukua nyangumi huyu, atauliza atanirudishia nini na atakuwa ana haki ya kuuliza. Simlaumu. Lazima tumpelekee chanzo cha hela kilichofungwa palepale kwenye nyangumi, siyo ahadi ya utalii.

Na mimi nikiangalia vyanzo vilivyopo, samahani kwa walio mezani, naona choo. Choo cha kulipia ndo biashara isiyolala, nenda stendi yoyote uone. Eneo lenye watoto wengi halina choo ni matatizo, eneo lenye choo kisafi cha mia mbili mia tatu linajilisha. Kibanda cha vinywaji kikodishwe kwa kikundi cha vijana au kina mama wanaoomba mkopo wa ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, ile nne nne mbili ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, na kwenye mkataba wa pango iandikwe kabisa kwamba sehemu ya kodi inakaa akaunti ya rangi. Siyo akaunti ya maendeleo. Akaunti ya maendeleo kila mtu ana maendeleo yake.

Halafu tuna tatizo letu la kwetu ambalo Catoosa hawana, nalo ni Desemba. Sisi huku michango inafanyika mwezi wa kumi na mbili, watu wamerudi kutoka Dar, Mwanza, wengine nje, mifuko imetuna, mbege ipo, ukipitisha karatasi ya ahadi inajaa kabla mtori haujapoa. Hivyo ndivyo tulivyojenga makanisa, barabara za kijijini, madarasa. Nyangumi akipitishwa Desemba moja tu anajengwa, sina wasiwasi. Tarehe tano Januari mabasi yameondoka, waliochanga wako Kimara kule Dar, waliobaki ni bibi na watoto na yeye nyangumi. Aliyechanga laki tano yuko huko anaposti picha, na anayetakiwa kung'oa majani miguuni kwa nyangumi hakuulizwa hata kama anataka nyangumi.

Wazee wetu lakini hilo walilijua. Angalia mifongo, ile mifereji ya asili ya kuteremsha maji kutoka juu mlimani, mingine ina umri ambao hakuna anayeujua. Mfongo una mzee wake, una siku yake ya kusafisha, msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, ukiitwa unatoka na jembe, usipotoka unatozwa, na zamu ya maji inafuata watu wanaotokea. Anayekunywa ndiye anayechimba. Na angalia pia ilivyokufa mingine, bomba lilipofika kijijini watu wakaona ya nini kwenda kuchimba tope, zamu zikalegea, mfongo ukaziba, halafu siku bomba limekata mnaulizana mfongo ulipita wapi. Yaani hata kitu cha miaka mingi namna ile, faida ikihama tu, ulinzi unahama nayo.

Nyangumi hana maji ya kugawa kwa zamu, ndo ugumu wake, huwezi kumnyima mtoto mteremko kwa sababu baba yake hakuja msaragambo. Ila waliopo pale kila siku kwa maslahi yao, mama wa mihogo, mpiga picha, bodaboda wa kijiweni, mwenye kibanda, hao unaweza kuwafunga na siku ya usafi, mwezi mara moja, usipotokea mara mbili nafasi yako inaenda kwa mwingine. Hao ndo wafaidika wenyewe, kamati ijazwe na hao. Mtu wa Dar abaki mlezi, tumpe kiti cha mbele siku ya kukata utepe.

Kuna wanaotaka na bwawa, kama Catoosa. Hapana jamani. Catoosa wenyewe siku hizi hawaruhusu kuogelea, unavua samaki, unatembea ndani ya nyangumi, unapiga picha, kuogelea hakuna. Kuogesha umma kunataka waokoaji, vipimo vya maji, bima, na mtu wa kushtakiwa mtoto akizama. Familia ya Davis ilikuwa na waokoaji wa kuajiriwa, sisi tutakuwa na nani, mlinzi wa usiku? Na maji yaliyotuama mjini ni mbu tu. Nyangumi wetu akae kwenye nchi kavu, chini yake mchanga mwingi wa kuangukia, habari iishe.

Nimeulizwa mbona nimeng'ang'ania huyu wa Catoosa wakati kuna wakubwa zaidi. Kweli wapo. Húsavík kule Iceland kuna makumbusho ya nyangumi toka 1997, yakawekwa kwenye machinjio ya zamani, lakini pale bandarini watu wanapanda boti kwenda kuona nyangumi wenyewe, mgeni kaja na hela ya kuona nyangumi tayari, kumuuzia tiketi ya makumbusho siyo kazi. Na Andenes huko Norway kuna mpango wa jengo kubwa la nyangumi, mwaka 2019 mbunifu Dorte Mandrup alishinda shindano la kulichora, paa lake linainuka kutoka ardhini kama mwamba umevimba, likasemwa litafunguliwa 2022, na 2022 ikaja ikapita halijafunguliwa. Hiyo ni Norway yenye mafuta. Kwa hiyo yule aliyetuandikia kwenye rasimu kwamba ufunguzi ni Juni mwakani naomba afute hiyo mistari, tarehe itajwe fremu ikishasimama.

Kilichobaki ni ardhi na hapo ndo tumekwama kwa sasa. Watu wanasema eneo ni la wazi kwa sababu toka wadogo tunacheza mpira pale, sawa, lakini hata Catoosa watu walikuwa wanaogelea toka wadogo na bado kiwanja kilikuwa cha mtu. Je kwenye mchoro wa mipango miji pameandikwa eneo la wazi, au ni kiwanja cha taasisi fulani ambayo haijaamua kujenga tu? Na ule upande unaotazama lami je, uko nje ya hifadhi ya barabara? Kwenye barabara kuu sheria ya 2007 inachukua mita 30 kutoka katikati kila upande, na TANROADS, wakala wa barabara, wakija na rangi nyekundu hawatajali kwamba X ya kubomoa wanaichora kwenye tabasamu la nyangumi.

Barua ya kuuliza hayo iko kwa mtendaji wa mtaa, ikitoka hapo inapanda manispaa. Jibu likija zuri, Desemba karatasi ya ahadi inapita ikiwa na safu mbili, moja ya saruji na moja ya akaunti ya rangi, na anayetaka kuchangia saruji peke yake nitamuomba aongeze ya pili. Likichelewa tunanunua bembea mbili za chuma za kuhamishika, watoto wacheze, nyangumi asubiri hati.